Kabla bonasi ya chai iishie kwa meza ya pool

Bonasi ikiingia kwa simu, wakulima wanaopeleka majani Kiwanda cha Chai cha Itumbe huwa na mipango mingi: karo, mabati, ng'ombe wa maziwa. Siku hizi kuna mwingine: meza ya pool ya kuweka sokoni. Ni biashara nzuri? Inaweza kuwa. Tuipigie hesabu pamoja.

Kwa nini meza ni ghali?

Mchezo huu ulianzia nje, kwenye nyasi, huko Ulaya. Ulipohamia ndani karne ya 15, meza ilivikwa kitambaa cha kijani kukumbusha nyasi. Mipira bora ilichongwa kwa pembe za ndovu, nyingi zikitoka huku kwetu Afrika Mashariki kupitia Zanzibar na Mombasa. Pembe zikawa bei mbaya, hadi mwaka 1863 kampuni moja ya Marekani ikaahidi dola 10,000 kwa atakayepata mbadala. John Wesley Hyatt akaja na seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza. Leo mipira ni plastiki, si ghali sana.

Gharama iko chini ya kitambaa. Tangu John Thurston wa London aanze kutumia jiwe la sleti mwaka 1826, meza nzuri hulazwa juu ya jiwe. Ni zito na ghali, lakini halipindi. Mbao za bei rahisi zikipata unyevu, na mvua ya Kisii unaijua, huvimba. Mpira ukianza kujiendea kona, wateja nao wanajiendea.

Hesabu yenyewe

Tuseme umenunua meza kwa Sh80,000, gemu ni bob 20, na unagawana nusu kwa nusu na mwenye nyumba. Gemu 20 kwa siku, siku 26, ni Sh10,400. Nusu yako ni Sh5,200. Toa Sh1,200 za chaki, fimbo na akiba ya kitambaa kipya. Unabaki na Sh4,000, kwa hivyo pesa yako itarudi baada ya miezi 20.

Zikiwa gemu 30, unabaki na Sh6,600. Pesa inarudi kwa mwaka mmoja hivi.

Tofauti ni gemu 10 tu kwa siku. Na hizo ndizo hupotea kirahisi: "nitakulipa kesho", sarafu zilizotumika kununua chai, beste aliyecheza bure.

Fanya hivi

Kabla ya kununua, kaa kando ya meza ya mwingine wiki nzima uhesabu gemu. Hesabu Jumanne pia, si siku ya soko pekee.

Ukishanunua, weka namba ya till ukutani. Kila malipo yataacha rekodi, na mkigawana na mwenye nyumba hakuna kubishana. Za sarafu ziandike kwa daftari kila jioni.

Na karo? Lipa kwanza. Meza itangoja.