Kutoka Kangeta hadi Garissa Lodge: hesabu ya kibanda kimoja

Mwambie muuza miraa wa Eastleigh, Nairobi, kwamba unataka kangeta, wala hatafikiria mji. Atakufungulia majani ya mgomba akuonyeshe aina ya miraa inayojulikana kwa jina hilo. Mji wenyewe uko Igembe, kwenye barabara ya Meru kwenda Maua, zaidi ya kilomita 250 kutoka kwenye kibanda chake. Kila siku pikapu hushusha mzigo Nairobi na pesa hupanda kurudi milimani. Zilizopanda zimejenga maduka ya kando ya barabara, nyumba za kupangisha na karo za shule. Eastleigh, kwa pesa inayozunguka vivyo hivyo kila siku, kumesimama mtaa mzima wa majumba ya maduka. Swali langu ni la hesabu tu: je, njia iliyoijenga Eastleigh inaweza kuijenga Kangeta, na ni nani angelipia?

Eastleigh ilianza 1921, vitongoji viwili vya mashariki ya Nairobi vilipounganishwa na kupewa jina moja. Wakati huo ilikuwa viwanja vilivyopimwa kwa mistari iliyonyooka, wakazi wengi wakiwa Wahindi, na Wasomali wachache wakiwemo tangu mapema. Kwa miaka mingi ilijulikana zaidi kwa uwanja wake wa ndege, uliokuwa mkuu wa Nairobi hadi ule wa Embakasi ulipofunguliwa 1958. Hakuna katika hayo kinachoashiria kwamba siku moja watu wangetoka Kampala kuja kununua vitambaa hapo.

Mabadiliko yalikuja baada ya Januari 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka na wakimbizi kufurika Nairobi. Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Wapangaji walikuja na bidhaa, wakaziweka chini ya kitanda, na mchana wakauzia mle mle chumbani. Chumba cha kulala humlipa mwenye nyumba mara moja kwa usiku, kutoka mfuko wa mtu mmoja. Kikigeuzwa duka, kodi yake hutoka kwenye mifuko ya wote walionunua mchana kutwa. Ukikigawa vibanda vitatu, una kodi tatu mahali pale pale. Mwenye nyumba hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia hilo. Vitanda vikaondoka, vibanda vikabaki, na majumba yaliyofuata, Amal Plaza likiwa miongoni mwa ya mwanzo, yalichorwa tangu siku ya kwanza kwa ajili ya vibanda.

Majumba hayo yanahitaji mtaji, na hapa pana neno la kufafanua. Nairobi huitwa gudwili; pwani neno lake la siku nyingi ni kilemba. Ni fedha ambayo mpangaji humpa mwenye jengo mara moja ili apewe kibanda, mbali na kodi ya kila mwezi. Kwa kawaida mwenye jengo hairudishi. Mpangaji akitaka kuondoka hukiuza kibanda kwa mwingine na kupata kilemba chake hapo. Eastleigh kilemba hulipwa mara nyingi kabla jengo halijaisha, kwa hiyo wapangaji ndio huwa wafadhili wa ujenzi. Kwa Mwislamu anayekwepa riba, hii ni njia ya kujenga bila mkopo wa benki.

Tuiweke njia hiyo kwenye karatasi. Nambari za aya hii ni makadirio yangu ya kupimia, si bei za jengo fulani. Jumba dogo la vibanda 100, kila kimoja mita 2 kwa 3, lina mita za mraba 600 za kupangisha. Ongeza ngazi, vyoo na njia, ziwe 1,000. Ujenzi ukigharimu shilingi 40,000 kwa mita ya mraba, jumla ni milioni 40. Zikikopwa zote kwa riba ya asilimia 14, riba peke yake ni milioni 5.6 kwa mwaka, yaani shilingi 4,667 kwa kila kibanda kwa mwezi. Sasa badala yake kila mpangaji atoe kilemba cha 300,000. Zinapatikana milioni 30, na za kukopa zinabaki milioni 10. Riba inashuka hadi milioni 1.4 kwa mwaka, sawa na 1,167 kwa kibanda kwa mwezi. Hapo ndipo watetezi wa njia hii husimama: gharama imepungua kwa shilingi 3,500 kila mwezi.

Haijapungua kiasi hicho. Zile 300,000 zingekuwa kwenye hati za serikali kwa asilimia 10, zingempa mwenyewe 30,000 kwa mwaka, au 2,500 kwa mwezi. Ameziacha. Ukijumlisha 2,500 na 1,167 unapata 3,667, kwa hiyo nafuu ya kweli ni shilingi 1,000 kwa mwezi, na hata hiyo ni pale mwenye jengo atakapoamua kumpunguzia mpangaji kodi kwa kiwango chote cha riba aliyookoa. Hakuna kinachomlazimisha. (Nimehesabu riba tu, kwa sababu deni lenyewe likishalipwa jengo hubaki mali ya mwenyewe kwa njia zote mbili.)

Jambo zito zaidi ni bei ya kibanda siku ya kuondoka. Mpangaji akikaa miaka mitano na asipate wa kumuuzia, 300,000 zake zimepotea kwa mwendo wa 5,000 kwa mwezi. Gharama yake kamili inakuwa 8,667, karibu mara mbili ya zile 4,667 za jengo la mkopo. Ili asiwe amepata hasara kuliko mpangaji wa jengo la mkopo, ni lazima akiuze kibanda kwa 240,000 au zaidi. Asilimia 80 ya alichotoa. Eastleigh hilo limewezekana kwa miaka mingi kwa sababu daima kuna anayesubiri kibanda. Nambari ya kuipima Kangeta ni hiyo 80, kwa sababu urefu wa jengo na wingi wa vioo havimsaidii mpangaji anayetafuta wa kumuuzia.

Je, Kangeta kuna wa kusubiri? Kipimo cha kwanza kinachokimbiliwa ni watu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 268,276 Kamukunji, kaunti ndogo yenye Eastleigh, katika eneo la takriban kilomita za mraba 10.5. Ni zaidi ya watu 25,000 kwa kila kilomita ya mraba. Kaunti ya Meru, yenye Kangeta, ilikuwa na watu 1,545,714 katika kilomita za mraba zipatazo 7,000, yaani watu 221. Tofauti ni zaidi ya mara 110.

Ulinganisho huo una kasoro pande zote mbili. Wastani wa Meru umebeba Hifadhi ya Taifa ya Meru, kilomita za mraba 870 ambazo wakazi wake ni tembo na vifaru, na pia misitu ya Mlima Kenya. Anayepita barabara ya Nyambene anaona jinsi mashamba yalivyobanana, na anajua Kangeta haina watu 221 kwa kilomita ya mraba. Kamukunji nayo ina kambi ya jeshi la anga. Na mnunuzi wa jumla wa Eastleigh mara nyingi halali Kamukunji; ametoka Meru, Mwanza au Kampala na jioni anarudi na mizigo. Idadi ya wakazi haimhesabu hata kidogo. Jumba la maduka hulishwa na wapita njia wenye pesa, na Kangeta pesa ya namna hiyo ina jina moja: miraa.

Basi tuitazame miraa. Takwimu iliyonukuliwa sana ni ya Uingereza: mwaka 2011/12 iliingiza tani 2,560 za thamani ya pauni milioni 13.8, na serikali ikapata kodi ya pauni milioni 2.8. Gawanya: pauni 5.39 kwa kilogramu, au takriban shilingi 700 kwa kiwango cha 130 kwa pauni. Lakini chukua asilimia 20, kiwango cha VAT cha huko, uipige kwa milioni 13.8. Jibu ni milioni 2.76. Inaonekana nambari ya kodi na nambari ya thamani ni nambari moja iliyoandikwa mara mbili, moja ikitokana na nyingine, kwa hiyo haifai kuzitumia kana kwamba zinathibitishana. Aidha, mzigo huo haukuwa wa Kenya peke yake. Ethiopia na Yemen zilikuwemo.

Na shilingi 700 ni bei ya kufikia Uingereza. Tuchukulie robo yake ilimfikia mkulima: shilingi 175. Kilemba cha 300,000 kingekuwa kilogramu 1,714 za miraa iliyochumwa, kufungwa na kuwahishwa kabla nguvu yake haijapungua, maana baada ya siku mbili hivi bei yake inakufa. Naonya kwamba bei ni ya 2012 na kilemba ni cha kukadiria. Nionye pia kuhusu neno kilo. Sokoni, kilo ya miraa ni bunda la vifungu kumi, si kilogramu ya mizani. Mtu akikupa mapato ya Kangeta kwa kilo, muulize kwanza ni kilo ipi.

Upande wa Somalia, wafanyabiashara wamekuwa wakitaja tani 50 kwa siku kabla ya mlango kufungwa. Uingereza, tani 2,560 kwa mwaka ni tani 7 kwa siku. Ikiwa 50 ni sahihi, Somalia ilikuwa soko kubwa mara saba. Nambari kamili kama 50, isiyopanda wala kushuka kwa msimu wa mvua na wa kiangazi, naiona kama makadirio ya mdomo. Hata ukiikata nusu, Somalia inabaki mara tatu na zaidi.

Soko hilo lilifungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Julai 2022. Miezi 28. Rudi kwenye kibanda chetu: 3,667 mara 28 ni shilingi 102,676, theluthi ya kilemba, katika muda ambao wateja wake walikuwa hawana pesa mkononi. Na hakuna ambaye angemnunulia kibanda kwa 240,000 katika miezi hiyo.

Watetezi wa vibanda husema, kwa haki, kwamba jumba lenye wapangaji wadogo 100 haliwezi kuanguka kwa mmoja kuondoka. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa iliyowekwa chini ya msimamizi Januari 2018 na kupigiwa kura ya kufungwa na wadai wake Januari 2020, iliacha mapengo makubwa katika majumba yaliyoitegemea, Thika Road Mall likiwemo. Mpangaji mmoja mwenye asilimia 40 ya nafasi akiondoka, asilimia 40 imeondoka. Wa kibanda akiondoka ni asilimia 1. Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa wapangaji 100 wanategemea wateja mbalimbali. Mwezi Aprili 2014 msako wa Usalama Watch uliingia Eastleigh, na watu kwa maelfu wakazuiliwa, wengi wao katika uwanja wa Kasarani. Biashara iliumia jumba zima kwa siku moja. Tarehe 24 Juni mwaka huo huo Uingereza ikapiga marufuku miraa, kinyume cha ushauri wa baraza lake lenyewe la wataalamu wa dawa za kulevya, na Igembe nzima ikaumia kwa siku moja. Eastleigh ilipona kwa sababu inauza nguo, simu, dhahabu, vyombo na vitambaa kwa nchi nyingi. Vibanda 100 vya Kangeta, hata kimoja kiuze viatu na kingine simu, vingekuwa vinasubiri mteja yule yule aliyeuza miraa asubuhi.

Kwa hesabu hii, jumba la kilemba halifai Kangeta kwa sasa, labda kwa kilemba kidogo sana. Sheria ya Kenya kuhusu maduka ya kupanga, Sura ya 301, humlinda mpangaji ambaye mkataba wake haujaandikwa au hauzidi miaka mitano, na kuna baraza maalumu la kusikiliza migogoro ya kodi za biashara. Lakini 240,000 zako hazitoki barazani. Zinatoka kwa mpangaji anayekuja baada yako. Kwa hiyo, ndugu mfanyabiashara, ukiombwa laki tatu, dai kwanza iandikwe mkatabani kwamba una haki ya kukiuza kibanda, na kodi itakuwa pungufu kwa kiasi gani kwa kuwa pesa zako ndizo zilizojenga. Mwenye jengo akikataa kuandika hayo mawili, rudi na pesa zako.