Taswira ya Vijana katika Chozi la Heri: Nani Aliwapokea?

Swali kuhusu vijana ni mojawapo ya maswali ambayo watahiniwa hulikimbilia wakidhani ni rahisi. Wao wenyewe ni vijana, basi watakosa nini cha kusema? Hapo ndipo wengi hupoteza alama. Insha huanza vizuri, kisha mtahiniwa hugeuka mhubiri: vijana wa siku hizi hawasikii, simu zimewaharibu, wazazi wamelegea. Ukurasa unakwisha bila hata mhusika mmoja kutajwa. Mtahini anayesahihisha hana pa kuweka alama.

Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta K. Matei, haiwahubirii vijana. Unapoisoma, jiulize swali moja kila kijana anapopata shida: nani alimpokea? Jibu la swali hilo litakuonyesha msimamo wa mwandishi.

Mazingira yako na riwaya

Ikiwa unasomea Migori au Homa Bay, mengi katika riwaya hii si mageni kwako. Unawajua wavulana walioacha madaftari wakaenda kuvua samaki Muhuru Bay au Mbita, na wengine waliofuata dhahabu Macalder. Umesikia wazee wakilaumu disko matanga kila msichana anapopata mimba, ilhali mwanamume aliyempa mimba hatajwi. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 baada ya likizo ndefu ya korona, sisi walimu tuliita majina ya wasichana ambao hawakuitika.

Tumia ujuzi huo kumwelewa mhusika. Usiuandike kwenye karatasi ya mtihani. Alama hutolewa kwa yaliyomo kitabuni.

Hoja ya kwanza: Chanzo cha masaibu ya vijana mara nyingi ni watu wazima

Wachukue Zohali na Sauna. Zohali anapata ujauzito akiwa kidato cha pili. Nyumbani anateswa badala ya kushikwa mkono, mwishowe anajikuta mtaani. Sauna naye ananajisiwa na Maya, babake wa kambo, na mamake anaificha aibu badala ya kumtetea mwanawe.

Wasichana hawa wawili wamevunjwa na nyumba zao. Mbona basi Zohali anarudi shuleni ilhali Sauna anaishia kuiba watoto wa watu? Zohali anapokewa na mtawa. Sauna anaangukia mikononi mwa Bi. Kangara, mfanyabiashara ya watoto. Mtahiniwa anayeandika tu kwamba Sauna ni katili amesema kweli nusu. Aliye makini huongeza kwamba katili huyu alikuwa mtoto aliyekosa mtetezi. Hilo halimwondolei hatia, kwa kuwa Dick na Mwaliko wanaumia kwa mkono wake. Linatuonyesha tu jinsi uovu unavyorithishwa.

Hoja ya pili: Vijana huokoana

Umu anapokuwa na uwezo, anamsaidia Hazina, kijana wa mtaani ambaye wengi wangempita tu. Baadaye Umu anampoteza baba, mama hayupo, ndugu zake wanaibwa, naye anajipata mjini bila mwenyeji. Anayemtambua na kumpokea ni Hazina yuleyule. Angalia jina lake: watu walimwona takataka, mwandishi akamwita hazina. Ukitaja hilo, utakuwa umehusisha maudhui na mbinu ya majazi.

Kumbuka pia mazungumzo ya wasichana shuleni, pale Umu na wenzake wanaposimuliana walikotoka. Kila mmoja alidhani msiba wake ndio mkubwa mpaka aliposikia wa mwenziwe. Mwandishi anatumia mbinu rejeshi, na wanaoyarejesha yaliyopita ni vijana wenyewe.

Hoja ya tatu: Vijana wana uwezo wa kuamua

Dick anaingizwa na Buda katika biashara ya dawa za kulevya akiwa mtoto asiye na pa kwenda. Hakuichagua. Hata hivyo, kuiacha ni uamuzi wake. Anaanza biashara yake halali, na hatimaye anakutana tena na dadake. Watahiniwa wengi humweka Dick upande wa waathiriwa na kumwacha hapo. Mfuate hadi mwisho.

Linganisha

Ukiwahi kusoma Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, utaona mfano wa karibu. Mtoto mchanga anatupiwa Amani mlangoni, na Amani na Imani, vijana wasio na kitu, ndio wanaomlea huku mwenye hatia akiwa mtemi anayeheshimiwa.

Namna ya kujibu

Kila hoja iwe na mambo matatu: kauli, mhusika na tukio, kisha maelezo ya jinsi tukio linavyothibitisha kauli. “Vijana hudhulumiwa” ni kauli tu. “Sauna anadhulumiwa na Maya” ni mfano. Ukieleza jinsi dhuluma hiyo inavyomtoa nyumbani na kumfikisha kwa Bi. Kangara, umekamilisha hoja. Usirudie hoja moja kwa maneno mapya; mtahini ataitambua.

Swali la marudio

“Kijana hupotea pale anapokosa wa kumpokea.” Thibitisha ukweli wa kauli hii kwa kurejelea riwaya ya Chozi la Heri. (alama 20)

Kabla ya kuandika, orodhesha vijana wote unaowakumbuka. Mbele ya kila jina, andika nani alimpokea. Ukibaki na jina lisilo na jibu, rudi kitabuni.