Ombi likikosewa mtandaoni, seva ijibu nini?

Tuseme mchuuzi wa ndagala mjini Nyanza-Lac, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Burundi, anamtumia mvuvi malipo kwa simu. Namba za simu nchini humo zina tarakimu 8. Yeye ameandika 7. Simu inamjibu: "Hitilafu ya mtandao, jaribu tena." Anajaribu mara tatu, mara nne, bila mafanikio, ilhali mtandao hauna hitilafu yoyote.

Mkanganyiko wa aina hiyo unaweza kusababishwa na tarakimu tatu asizoziona. Katika HTTP, itifaki inayotumiwa na tovuti na programu nyingi za simu, kila jibu la seva, yaani kompyuta inayopokea maombi, hubeba namba ya hali. Inayoanza na 2 humaanisha ombi limefaulu. Inayoanza na 4, kosa liko upande wa mwombaji. Inayoanza na 5, seva yenyewe imeshindwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani achukue hatua. Programu ikipata 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa, inaweza kusubiri na kujaribu tena. Ikipata 400, inayoashiria ombi lenye kasoro, kulirudia vilevile hakusaidii. Sharti lisahihishwe kwanza.

Kanuni za HTTP zilizochapishwa Juni 2022 katika waraka wa RFC 9110 zinafafanua zaidi. Namba 422 hutumika pale ombi linapokuwa na muundo sahihi lakini yaliyomo hayatekelezeki, kama ilivyo kwa mchuuzi wetu. 401 humtaka mwombaji athibitishe utambulisho wake; 403 humkatalia ruhusa; 404 humwarifu kuwa alichokiomba hakikupatikana.

Seva inayojibu 500 kwa namba iliyokosewa hujitwika lawama isiyo yake, na mafundi hutafuta hitilafu ambayo haipo. La hatari zaidi ni kujibu 200 huku neno "kosa" likiwa limefichwa ndani ya jibu. Programu inayotazama namba ya hali pekee itaonyesha kuwa malipo yamekamilika, na mvuvi anaweza kukabidhi samaki wake bila kupokea chochote.

Hata hivyo, namba sahihi huifaa programu. Mtu huhitaji maneno. Jibu jema lingemwambia mchuuzi: "Namba ya mpokeaji imepungua tarakimu moja."