Kabla Meza Haijafika Jaani

Watu wa Sydenham, mtaa wa vilima usio mbali na katikati ya Durban, hawahitaji kuelezwa taka zilikuwa zikienda wapi. Jirani nao, huko Clare Estate, kuna jaa la Bisasar Road, lililofunguliwa mwaka 1980 katika eneo ambalo sheria za ubaguzi wa rangi ziliwatengea Wahindi, likakua hadi kuhesabiwa miongoni mwa majaa makubwa kabisa barani Afrika. Sajida Khan, aliyeishi ng'ambo ya barabara, alipigania lifungwe hadi saratani ilipomuua mwaka 2007. Lakini pembeni mwa jaa hilohilo, kwenye vibanda vya Kennedy Road, walikuwapo walioogopa kufungwa kwake, kwa kuwa humo waliokota mbao za kujengea na vyuma vya kuuza. Mgogoro huo husimuliwa kama vita kati ya afya na riziki. Mimi naona kuna swali lililorukwa: mbao nzima ilifikaje jaani?

Kitu kizima hufia njiani. Godoro likilala nje usiku mmoja wa mvua, halifai tena. Meza ikishamezwa na lori linaloshindilia taka, imekuwa kuni. Siku zenye thamani ni zile chache kati ya mwenye nyumba kukichoka kitu na kukitoa getini. Wala si kwamba hakuna pa kukipeleka. Yapo maduka ya hisani yanayouza samani na nguo zilizotumika ili kugharimia uuguzi wa wagonjwa mahututi. Ipo misikiti, mahekalu na makanisa. Mtindo wa Freecycle, ulioanzia Tucson, Marekani, mwaka 2003, unaigika na mtaa wowote wenye kundi la WhatsApp: tangaza kitu, kitoe bure, anayekihitaji aje akichukue. Ninachotetea ni kuyafunga haya yote kwenye utaratibu wa kudumu: siku moja ya kubadilishana kila mwezi, ukumbi unaojulikana, na fundi wa umeme wa kupima kila kifaa kinacholetwa. Fundi huyo si anasa, maana tangu Agosti 2021 kanuni za Afrika Kusini zinakataza vifaa vya umeme kutupwa jaani.

Wapo watakaosema huku ni kuwatupia maskini makorokoro. Hofu hiyo ina msingi. Misaada mingi hutolewa kwa nia ya kusafisha stoo ya mtoaji. Ndiyo maana bei ndogo mara nyingi humheshimu mtu kuliko bure. Mnunuzi wa mitumba kwenye soko la Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, huligeuza shati, hukagua mshono, hushusha bei, na akitaka huondoka zake. Mpokea msaada hana uhuru huo. Wengine watahofia mali ya wizi, na kwa biashara sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2009 ya bidhaa zilizotumika tayari inawataka wauzaji wajisajili polisi.

Pingamizi zito ni la waokota taka. Vitu vizuri visipofika tena kwenye pipa, wao watakula nini? Mtaa ukianzisha siku yake ya kubadilishana bila kuwashirikisha, utakuwa umewapokonya watu kama wale wa Kennedy Road kwa mkono mwingine. Jibu ni kuwakabidhi kazi yenyewe, yaani kukusanya, kuchambua na kusafirisha, kwa malipo. Durban haianzi na sifuri: shirika la Asiye eTafuleni, lililoanzishwa mwaka 2008, limefanya kazi na waokota kadibodi wa katikati ya mji, wengi wao wanawake, kama wafanyakazi wenye ujuzi. Wao ndio wanaojua kwa kutazama tu chuma kipi kina soko.

Si kila kitu kiokolewe, bila shaka. Godoro lenye kunguni haligawiwi, na friji kuukuu inayokula umeme itamgharimu mpokeaji kila mwezi hata akiipata bure. Hiyo ivunjwe kitaalamu, shaba yake iuzwe, na fedha zilipie nauli ya fundi.