Kichaka Kinapotoweka, Simba Hubadili Mawindo

Barabara inayotoka Gisimenti, jijini Kigali, kuelekea mashariki, kupitia Rwamagana na Kayonza, huwafikisha watu katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera, nchini Rwanda. Simba saba walirejeshwa huko mwaka 2015 kutoka Afrika Kusini, na ni rahisi tangu hapo kuipima hifadhi kwa hesabu: simba wangapi, nyati wangapi. Hesabu haisemi nani ataliwa. Simba hawezi kukimbiza windo masafa marefu; lazima alinyatie, na kunyatia kunataka maficho.

Ushahidi mzito wa hilo uko katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, nchini Kenya. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa waliwaangamiza sisimizi wenyeji, ambao huilinda migunga kwa kuwauma tembo wanaokuja kuila. Migunga ikakosa mlinzi, tembo wakaivunja, nyika ikawa wazi, na pundamilia wakaanza kumwona simba kwa mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Science ulionyesha kwamba penye vichaka ambako sisimizi hao wageni hawajafika, simba waliua pundamilia karibu mara tatu zaidi kuliko penye uwazi walikovamia. Kati ya mwaka 2003 na 2020, pundamilia walishuka kutoka asilimia 67 ya mawindo ya simba hadi 42, na nyati, ambao hawakuwamo kabisa, wakafikia asilimia 42.

Wapo watakaosema simba hufuata tu penye wanyama wengi. Ni kweli kwa sehemu: utafiti wa Serengeti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wingi huwavuta simba kutoka eneo hadi eneo kadiri majira yanavyobadilika, lakini mahali hasa pa kuua ni pale windo linapokamatika, kandokando ya mito na penye maficho. Wengine watauliza hasara iko wapi, ikiwa simba wa Ol Pejeta hawakupungua. Naona swali hilo linamsahau nyati, aliyebebeshwa mzigo uliokuwa wa pundamilia, na linasahau kwamba nyati ana pembe za kumjeruhi simba.

Akagera ina tambarare za nyasi kaskazini, vilima, vichaka vya migunga, Ziwa Ihema na vinamasi vya mafunjo anamojificha nzohe. Nyamera hulisha penye uwazi, swala pala karibu na miti. Uzio wa takriban kilomita 120, uliokamilika mwaka 2013, umefunga mpaka wa magharibi, hivyo windo lisilo na pa kukimbilia upande huo hutegemea tofauti za ardhi zilizomo ndani. Kufyeka kichaka ili watalii waone vizuri kungekuwa pia kuamua ni mnyama yupi simba atamkosa na yupi atamgeukia.