Njia ya Barabara Kuu I-95 katika Pwani ya Georgia: Yanayoonekana na Yasiyoonekana

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza njia ya barabara moja ya Marekani, iitwayo Interstate 95 ama kwa kifupi I-95, katika sehemu yake inayopita jimbo la Georgia. Huenda msomaji akauliza: barabara ya magari ina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili? Jibu tutalikuta njiani. Pwani ya Georgia ni mahali ambapo lugha nyingi za Afrika, zikiwamo zile za mlango wa mto Kongo, zilifikishwa kwa minyororo, zikachanganyika, na hata leo alama zake hazijafutika. Lakini I-95 inapita kando ya mahali hapo kwa namna ambayo mtu aweza kulivuka jimbo zima kwa muda wa saa mbili bila kujua kwamba amepita karibu na historia hiyo. Tutaeleza kwanza jinsi njia yenyewe ilivyo, kisha sababu za kuwekwa pale ilipo, na mwisho yale yaliyoachwa kando.

2. Hesabu za barabara

Tarehe 29 Juni 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria iliyoanzisha mtandao mkubwa wa barabara za kuunganisha majimbo. Serikali kuu ilikubali kulipa 90 kwa mia ya gharama, na majimbo yakalipa sehemu iliyobaki. Barabara hizo zina kanuni zake: kila upande una njia zake za magari, hakuna taa za kuyasimamisha, hakuna njia inayokatiza kwa usawa, na mtu huingia au kutoka mahali palipowekwa tu.

Namba nazo zina mpango. Barabara kuu ziendazo kaskazini na kusini hupewa namba witiri, nazo huongezeka kutoka magharibi kwenda mashariki. Ziendazo mashariki na magharibi hupewa namba shufwa. Kwa hiyo I-5 iko upande wa bahari ya Pasifiki, na I-95 upande wa Atlantiki. Hiyo ya mwisho yaanzia Miami, katika Florida, na kufika Houlton, katika Maine, mpakani mwa Kanada. Urefu wake unazidi kilometa 3,000, nayo inapita majimbo 15.

Sehemu ya Georgia ni fupi: kilometa 180 hivi, kutoka mto St. Marys unaotenga jimbo hilo na Florida, hadi mto Savannah unaolitenga na South Carolina. Inapita wilaya sita, nazo kwa mfuatano kutoka kusini ni Camden, Glynn, McIntosh, Liberty, Bryan na Chatham. Tangu mwaka 2000, namba za mahali pa kutokea hufuata maili zinazohesabiwa toka mpaka wa Florida. Hivyo namba 49, palipo na mji wa Darien, ni maili ya 49, yaani kilometa 79 hivi. Na namba 99, ambapo I-95 inakutana na I-16 iendayo Macon, ni kilometa 159 hivi. Anayejua kanuni hii aweza kuisoma barabara kama mtu asomavyo sura za kitabu.

3. Kwa nini msafiri haoni bahari

Anayesikia kwamba I-95 ni barabara ya pwani hutazamia kuona mawimbi. Katika Georgia hayaoni. Barabara imewekwa bara, kilometa nyingi kutoka ufukoni, na anachokiona msafiri zaidi ni misonobari, kisha madaraja, kisha misonobari tena.

Sababu ya kwanza ni umbo la nchi. Mbele ya pwani ya Georgia pamejipanga visiwa: Cumberland, Jekyll, St. Simons, Sapelo, Ossabaw, Tybee na vinginevyo. Kati ya visiwa na bara pana vinamasi vya maji ya chumvi, vyenye nyasi ndefu na vijito vingi, ambavyo maji kupwa na kujaa huvibadilisha mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya zaidi ya mita mbili. Karibu thuluthi moja ya vinamasi vyote vya namna hiyo katika pwani ya mashariki ya Marekani imo Georgia. Kujenga barabara nzito juu ya tope hilo kungekuwa kazi ya gharama kubwa mno. Isitoshe, mwaka 1970, wakati wa enzi ile ile ya ujenzi, jimbo lilipitisha sheria ya kuvilinda vinamasi hivyo.

Sababu ya pili ni mito. Satilla, Altamaha, Ogeechee na mingineyo yote humwagika baharini kwa kuikata njia ya barabara. Mkubwa kupita yote ni Altamaha, ambao kabla ya kufika baharini hugawanyika katika matawi kadhaa kusini ya Darien. Hapo I-95 inavuka daraja baada ya daraja.

4. Barabara ya zamani na kinu cha mpunga

Kabla ya I-95, msafiri aliyetoka New York kwenda Florida alifuata barabara namba 17. Hiyo ilipita ndani ya miji yenyewe: Woodbine, Brunswick, Darien, Midway. Katika matawi ya Altamaha ilipita, na bado inapita, juu ya kisiwa cha Butler. Kando ya njia limesimama bomba refu la matofali, bomba la moshi la kinu cha mpunga cha wakati wa utumwa. Mwingereza Fanny Kemble, mke wa mwenye shamba Pierce Butler, alikaa huko mwaka 1838 na 1839, na daftari aliloandika juu ya mateso aliyoyaona lilichapishwa mwaka 1863. Mnamo Machi 1859, Butler aliuza zaidi ya watu 400 wa mashamba yake kwa siku mbili karibu na Savannah, ili alipe madeni. Apitaye I-95 huvuka mto ule ule, lakini bomba halimsimamishi wala halimsemeshi.

Barabara mpya ilipofunguliwa kwa vipande katika miaka ya 1960 na 1970, wasafiri waliihama ile ya zamani. Katika wilaya ya McIntosh, iliyokuwa maskini, biashara nyingi zilizotegemea wapita njia zilidhoofika. Melissa Fay Greene ameisimulia wilaya hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1991. Humo twasoma jinsi sherifu Tom Poppell alivyoitawala wilaya kwa miaka mingi, na jinsi Waamerika weusi walivyodai haki zao hadi Thurnell Alston alipochaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la wilaya mwaka 1978. Tusiseme kwamba barabara ndiyo iliyoleta haki, waliidai watu. Bali twaweza kusema kwamba barabara iliondoa mapato ya njiani, mema na maovu pamoja.

5. Lugha zilizo kando ya njia

Wazawa wa watumwa wa pwani hii huitwa Gullah Geechee, na krioli yao yajulikana kwa jina la Gullah. Zamani wataalamu wengi waliihesabu kuwa Kiingereza kilichoharibika, hukumu ambayo sisi tunaosema Kiswahili cha Kongo hatuwezi kuisikia bila kukumbuka yaliyosemwa juu ya Kingwana. Aliyeivunja hukumu hiyo ni Lorenzo Dow Turner, mtaalamu wa isimu, kwa kitabu chake cha mwaka 1949, alimokusanya maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Afrika. Kikongo kina fungu lake humo: neno goober, lenye maana ya karanga, ambalo limeenea hata katika Kiingereza cha Marekani, latokana na nguba.

Toka kwenye I-95 kwa namba 29, na njia itakufikisha kisiwa cha Jekyll. Huko, mnamo Novemba 1858, miaka 50 baada ya sheria kukataza kuingiza watumwa, jahazi liitwalo Wanderer lilishusha kwa siri watu zaidi ya 400 waliopakiwa karibu na mlango wa mto Kongo. Wengi wao walisema Kikongo. Makumi mengine walikuwa wamekufa baharini.

Toka kwa namba 67, na njia itakuelekeza Harris Neck. Mwaka 1942 serikali kuu iliwaondoa hapo kwa notisi fupi makumi ya familia za watu weusi, ili kujenga uwanja wa ndege za kivita. Mwaka 1962 mahali hapo pakafanywa hifadhi ya ndege wa porini, na wazawa wao wameendelea kudai ardhi. Ni hapo Turner alipomrekodi Amelia Dawley, mapema katika miaka ya 1930, akiimba wimbo wa lugha ambayo mwimbaji mwenyewe hakuielewa. Ilitambuliwa kuwa Kimende cha Sierra Leone. Miaka mingi baadaye watafiti walimkuta binti yake, Mary Moran, akiukumbuka bado, na katika kijiji cha Senehun Ngola wakamkuta mwanamke aliyejua wimbo wa namna hiyo, uliohusu maziko. Mwaka 1997 Mary Moran alikwenda kijijini humo.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba I-95 iliwekwa bara kwa sababu za haki: tope, mito na gharama. Lakini njia haipiti bila kuchagua. Kisiwa cha St. Simons kiliunganishwa na bara mwaka 1924, na Jekyll mwaka 1954. Leo vyote viwili ni mahali pa watalii, na ardhi yake ni ghali. Sapelo haina daraja, nayo jumuiya ya Hogg Hummock ingali huko, watu wachache wafikao kwao kwa mashua. Upweke uliihifadhi lugha, na upweke huo huo uliwanyima wenyeji kazi na shule za karibu. Hatuwezi kusifu kimoja na kusahau kingine.

Kwa mwanafunzi wa lugha funzo ni dogo na wazi. Ramani ya barabara huonyesha jinsi ya kupita upesi. Haionyeshi nani alikuwa anaimba maili chache kando ya njia. Turner alilijua hilo, akaenda kusikiliza.