Maziwa ya Ng'ombe na Mifupa Yetu



Kina mama wanaoleta watoto kliniki kutoka Kibaha na Kisarawe hutuuliza mara nyingi: "Nesi, sina ng'ombe wala fedha ya maziwa kila siku. Je, mifupa ya mwanangu itakuwa dhaifu?" Jibu letu ni hili: maziwa ni mazuri kwa mifupa, lakini si chakula pekee cha mifupa.

Maziwa yana nini?

Mifupa hupata ugumu wake kutokana na madini yaitwayo kalsiamu. Kikombe cha maziwa cha robo lita kina kalsiamu miligramu 300 hivi. Mashirika ya FAO na WHO yamependekeza mtu mzima apate miligramu 1,000 kwa siku, na kijana wa miaka 10 hadi 18 apate 1,300, kwa kuwa huo ndio wakati mifupa inakua haraka.

Hata hivyo, kunywa maziwa mengi mno si kinga. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Sweden na kuchapishwa mwaka 2014 haukuona kwamba wanywaji wa maziwa mengi walivunjika mifupa mara chache kuliko wengine.

Asiye na maziwa afanyeje?

Ugali wa mahindi au wa muhogo hushibisha, lakini una kalsiamu kidogo sana. Huko Jos, Nigeria, waganga walichunguza watoto wenye matege ambao walipata jua la kutosha, lakini chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1999 yalionyesha kuwa walipata nafuu walipopewa kalsiamu. Kwa hiyo tuangalie kitoweo:

- Dagaa wakavu, wanaoliwa pamoja na mifupa yao. Kwa uzito uleule wana kalsiamu nyingi kuliko maziwa.
- Kisamvu, majani ya kunde na majani ya mlonge. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa mpaka kiive kabisa, ili sumu iliyomo iondoke.
- Uji wa ulezi.

Mchicha una faida nyingine nyingi, lakini kalsiamu yake haifyonzwi vizuri mwilini. Usiutegemee peke yake.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 awekewe kijiko cha unga wa dagaa safi kwenye uji, huku akiendelea kunyonya. Maziwa ya ng'ombe yasishike nafasi ya maziwa ya mama kabla ya mwaka mmoja, kwani yana madini ya chuma kidogo na mtoto anaweza kupungukiwa damu.

Maziwa yakisumbua tumbo

Watu wazima wengi, hasa wasiotoka katika makabila ya wafugaji, hujaa gesi au huharisha wanywapo maziwa. Huo si uchawi wala uchafu. Tumbo limepunguza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Wengi wao huweza kunywa mtindi bila taabu.

Chemsha kwanza

Maziwa mabichi yanaweza kuleta madhara kwenye mifupa ileile tunayotaka kuilinda. Kifua kikuu cha ng'ombe huweza kumwingia mnywaji na kushambulia uti wa mgongo. Ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo nao humletea binadamu homa za kurudiarudia na maumivu ya mgongo na viungo. Wafugaji waulize ofisi ya mifugo kuhusu chanjo ya ugonjwa huo, ambayo imekuwa ikitengenezwa hapahapa Kibaha. Sisi sote tuchemshe maziwa mpaka yaumuke. Mtindi nao utengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa.

Mambo mengine

Mwili hauwezi kutumia kalsiamu vizuri bila vitamini D, ambayo ngozi hutengeneza ikipata jua. Mtoto asifungiwe ndani kutwa nzima. Kutembea, kulima na kucheza huimarisha mifupa. Sigara na pombe nyingi huidhoofisha.

Kina mama waliokoma hedhi hupoteza nguvu ya mifupa haraka. Bibi akianguka na kushindwa kusimama, msimkande wala kumvuta mguu. Mleteni hospitali siku hiyohiyo.

Miguu ya mtoto mchanga huwa imepinda kidogo kwa kawaida. Lakini matege yakizidi baada ya miaka 2, mlete mtoto apimwe. Akitibiwa mapema, mara nyingi miguu hunyooka.